Mifugo Mbele, Bunduki Nyuma

Mkataba ambao Waingereza na Wamaasai walitia saini Naivasha mwezi Agosti 1904 unataja watu wengi na mahali pengi, na Matapato wamo. Ndio hao hao ambao mpaka leo hunywesha ng'ombe wao pande za Bisil, kwenye barabara itokayo Kajiado kwenda mpakani Namanga. Mkataba uliwaambia kwamba wao, pamoja na Kaputiei wa nyanda za Kitengela na Isinya na Loodokilani wa upande wa Magadi, wangebaki kusini mwa reli. Wenzao waliokuwa wakilisha Bonde la Ufa, huko Naivasha na Nakuru, wangehama kwenda Laikipia. Nchi iliyokuwa moja, ambayo mchungaji aliivuka kwa kufuata mvua, ikakatwa vipande viwili, na katikati yake pakawa na reli na mashamba ya Wazungu.

Kwa hiyo watu wa Bisil hawakuhamishwa mwaka huo. Walizungushiwa mpaka. Walioonja machungu ya njia ni ndugu zao wa kaskazini, na safari yao ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini Kajiado ina umbo ililo nalo leo.

Kenya ina kisa kingine maarufu cha familia zilizovuka mipaka ya nchi zikiwa na watoto na vyombo vya ndani. Mwezi Julai 1908 meli iliwashusha Mombasa Makaburu kutoka Afrika Kusini, familia 47 hivi, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walipanda garimoshi hadi Nakuru, na mwezi Agosti wakaanza kupanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai. Msitu wa Timboroa uliwatesa. Magurudumu yalizama matopeni, miti ikabidi ikatwe ili njia ipatikane, na ilikuwa Oktoba walipoufikia uwanda wa Uasin Gishu, uwanda uliopewa jina la Wamaasai waliokuwa wamesambaratishwa na vita vya karne ya 19. Walowezi wameiandika safari hiyo mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na sitakana kwamba akina mama wale walipata tabu. Lakini miaka mitatu baadaye familia nyingi kupita hizo zilipanda ukingo mwingine wa Bonde la Ufa, umbali usio mkubwa kutoka hapo, zikiwa na wazee, wajawazito na mifugo isiyohesabika, na Wakenya wachache mno wanaweza kuisimulia safari yao.

Kwanza nieleze kwa nini taifa lililoogopwa na kila msafara wa pwani lilikubali kutia saini. Miaka ya 1880 na 1890 iliwapiga Wamaasai kwa mfululizo, na wenyewe huiita enzi hiyo Emutai. Homa ya mapafu iliua ng'ombe, kisha sotoka ikawamaliza waliobaki, kisha ndui ikaingia kwa binadamu, na ukame ukafuata. Laiboni mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, Mbatiany alifariki yapata 1890, na wanawe wawili, Olonana na Senteu, wakagombania urithi wake kwa vita. Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, alikimbilia urafiki na wageni. Wageni nao walimhitaji, kwa sababu reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ipite katikati ya nchi ya Wamaasai na hawakuwa na jeshi la kutosha kuilinda. Urafiki huo uliendelea hata baada ya morani kuushambulia msafara wa wapagazi huko Kedong mwishoni mwa 1895 na kuua mamia ya watu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Ilikuwa imekula mamilioni ya pauni, na serikali ilitaka fedha hizo zirudi. Kamishna Charles Eliot aliamini zingerudishwa na wakulima Wazungu. Lord Delamere akapata ekari 100,000 huko Njoro, na wengine wakapiga foleni. Ardhi waliyoitaka ilikuwa ile ile yenye maji ya kudumu, majani mazuri na reli karibu, yaani malisho bora ya Wamaasai. Eliot alijiuzulu mwaka 1904 kwa ugomvi na wakubwa wake juu ya ugawaji wa ardhi hiyo. Mrithi wake, Sir Donald Stewart, ndiye aliyekaa na wazee Naivasha.

Mkataba huo ulikuwa na ahadi kubwa. Rizavu mbili, ya Laikipia na ya Kusini, zingekuwa mali ya Wamaasai kwa muda wote ambao taifa lao lingekuwepo duniani. Wangepewa njia pana ya nusu maili ya kuunganisha rizavu hizo mbili, ili jamaa watembeleane na mifugo ipite. Wangeachiwa eneo Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Njia ile haikutolewa kamwe. Familia za Bonde la Ufa zilikusanya mifugo zikaenda kaskazini, na milango ikafungwa nyuma yao. Serikali ilikuwa ikiweka karantini kwa hofu ya magonjwa ya mifugo, kwa hiyo baba aliyekuwa Laikipia na mkwe aliyekuwa Matapato walitenganishwa na mashamba ambayo ng'ombe hawakuruhusiwa kuyakanyaga.

Laikipia ilikuwa nchi nzuri. Ina baridi ya usiku, majani matamu, mito itokayo Aberdare na Mlima Kenya, na kupe wachache. Baada ya Emutai mifugo ilianza kujaza mazizi tena. Nadhani huko kunawiri kwenyewe ndiko kulikowaponza. Walowezi walioipitia Laikipia waliona ng'ombe wanene wakitanda uwandani, wakajua ardhi ile inafaa, wakaanza kuidai. Gavana Sir Percy Girouard, aliyekuja mwaka 1909, alikuwa tayari kuwasikiliza. Hoja alizotoa zilikuwa za kuvutia: kwamba rizavu mbili ni usumbufu, kwamba Wamaasai wanataka kuungana, kwamba Olonana mwenyewe anataka watu wake wawe pamoja. Familia zilianza kuondolewa mwaka 1910, lakini London ikasimamisha zoezi hilo kwa sababu mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai.

Ukahitajika mkataba mwingine. Olonana alifariki Machi 1911, na maafisa wakatangaza kwamba akiwa kitandani aliwausia watu wake waiache Laikipia. Wosia huo uliifaa mno serikali kwa wakati ule, na Wamaasai wengi hawajauamini hadi leo. Mwezi Aprili 1911 mkataba wa pili ukatiwa saini. Kwa niaba ya taifa zima alisaini Seggi, mwana wa Olonana, aliyekuwa bado mtoto, pamoja na walezi wake. Kwa upande wa kaskazini aliweka alama yake Parsaloi Ole Gilisho, msemaji wa Wapurko, sehemu mojawapo ya Wamaasai wa Laikipia, ambaye kumbukumbu za serikali humwita Legalishu. Alikuwa ameupinga uhamisho waziwazi. Kwamba hatimaye alisaini naona kunaonyesha uzito wa mkono uliokuwa begani mwake kuliko kunavyoonyesha ridhaa. Yaliyofuata yanathibitisha hivyo.

Safari ilianza Juni 1911. Tazama maana yake kwa familia moja. Katika boma la Kimaasai nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye aliyeijenga kwa fito, udongo na mavi ya ng'ombe, na yeye ndiye anayeivunja. Amri ya kuhama ilipofika, akina mama walibandua ngozi, wakafunga vibuyu vya maziwa, wakawabebesha punda, na juu ya mizigo wakawapakia watoto wasioweza kutembea na ndama waliozaliwa juzi. Fito ziliachwa zikisimama. Wachungaji walitangulia na ng'ombe wakubwa, nyuma yao kondoo na mbuzi, na kondoo hawakimbii. Kundi la kondoo lenye majike wenye mimba husonga kidogo tu kwa siku, na likikosa kula njiani linaanza kuacha mizoga. Kutoka Rumuruti hadi Narok ni kilomita 200 na ushei kwa njia za mifugo, na Narok haikuwa mwisho wa safari kwa wengi wao. Walikuwa wakipelekwa magharibi zaidi, kuelekea Loita na Mara, kwenye eneo ambalo serikali ilikuwa imeliongeza kwenye Rizavu ya Kusini ili watoshe.

Kuhama si jambo geni kwa mfugaji. Ugumu ulikuwa kwamba safari hii haikufuata busara yoyote ya ufugaji. Mfugaji huhama akiwa ametuma vijana kutazama maji na majani, huhama kidogo kidogo, na huhama kwa zamu ili makundi yasikanyagane. Sasa mifugo ya nchi nzima ilisukumwa kwa wakati mmoja kwenye njia chache zilizochorwa na maafisa, kando ya mashamba ya walowezi ambako haikuruhusiwa kusimama ilishe. Walioshuka kutoka Laikipia walipitia pande za Ol Bolossat, wakateremka Bonde la Ufa, wakakatiza nchi ya Naivasha waliyoihama miaka saba tu iliyopita. Wazee walipita karibu na mahali walipokuwa na maboma yao na kukuta seng'enge. Kisha mbele yao ukasimama ukingo wa Mau.

Mau hupanda hadi kupita mita 3,000, na Julai na Agosti ndiyo miezi yake mibaya. Mvua hunyesha, ukungu haupandi hadi jua likaribie utosini, na usiku baridi huingia mifupani. Juu kuna misitu minene yenye njia nyembamba. Makundi yalisongamana huko. Yaliyotangulia yalikwama kwa sababu mbele malisho hayakutosha, na yaliyofuata yakazidi kuja. Matope yalichimbwa na kwato mpaka punda wakazama na mizigo. Kondoo walikufa kwa wingi, ng'ombe wakadhoofu, maziwa yakakauka, na kwa watu ambao maziwa ni chakula cha mtoto na cha mzee, kukauka kwa maziwa ni njaa. Walikufa wazee, walikufa watoto wachanga. Waliokuwa wamevuka na kuiona nchi mpya walirudisha habari kwamba haitoshi na ina kupe. Familia nyingi zikagoma kuendelea.

Kufikia mwisho wa Agosti serikali ililazimika kusitisha zoezi lote. Wengi wakaambiwa warudi Laikipia. Hebu fikiria kupanda tena njia ile ile, ukipita kwenye mizoga ya mifugo yako mwenyewe, kurudi kwenye fito ulizoziacha.

Katika kipindi hicho cha kusimama ndipo Ole Gilisho alipofanya jambo la kijasiri. Akaenda mahakamani. Alisaidiwa na Wazungu wachache waliochukizwa na dhuluma hiyo, akiwemo daktari Mskoti wa serikali, Norman Leys, aliyekuwa akipeleka habari Uingereza kwa siri ili maswali yaulizwe bungeni. Leys alilipia ujasiri huo kwa kuhamishiwa Nyasaland. Girouard naye aliondoka madarakani mwaka 1912, baada ya kubainika kwamba ardhi ya Laikipia ilikuwa imeahidiwa walowezi huku London ikiambiwa vinginevyo.

Lakini kuondoka kwa gavana hakukuziokoa familia. Kesi ilikuwa imefunguliwa, wakili ameajiriwa kwa fedha zilizotokana na ng'ombe, na serikali ikaendelea kuhamisha watu kana kwamba hakuna kesi. Safari ya pili ilianza 1912 na kukamilika katika miezi ya mwanzo ya 1913. Mara hii askari wenye bunduki walifuata nyuma ya makundi. Mwanahistoria Lotte Hughes, aliyekusanya simulizi za wazee pamoja na nyaraka za serikali na kuandika kitabu juu ya uhamisho huu mwaka 2006, anakadiria kwamba kati ya 1911 na 1913 walihamishwa watu wapatao 20,000 na mifugo isiyopungua milioni 2.5. Soma tena tarakimu hizo ukikumbuka Makaburu wa familia 47.

Walipofika, adui mwingine alikuwa akiwasubiri. Sehemu kubwa ya nchi waliyoongezewa upande wa magharibi ilikuwa na ndorobo, na kwingine kupe walibeba ndigana kali. Ng'ombe wa Laikipia hawakuwa na kinga dhidi yake. Ndama waliozaliwa njiani, waliookolewa kwenye baridi ya Mau kwa kulazwa ndani ya vibanda pamoja na watoto, walikufa kwenye majani ya kijani huku wamevimba tezi za shingo. Wazee waliozungumza na Hughes miaka zaidi ya 80 baadaye walilalamikia jambo hilo kuliko mengine yote. Kwao, kupokonywa ardhi na kupokonywa afya ya mifugo lilikuwa pigo moja.

Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Mei 1913, safari ikiwa imekwisha. Kesi inajulikana kwa jina la Ol le Njogo, mmoja wa waliomshtaki Mwanasheria Mkuu. Majaji hawakugusa swali la kama watu walidanganywa au walilazimishwa. Walisema kwamba Himaya ya Afrika Mashariki ni nchi ya kigeni na wala si sehemu ya milki ya Mfalme, kwamba Wamaasai si raia wa Uingereza, kwamba mkataba kati yao na Mfalme ni mkataba wa mataifa mawili, na kwa hiyo hakuna mahakama ya Uingereza inayoweza kuuamua. Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ikakubaliana nao Desemba mwaka huo huo. Wamaasai walikuwa taifa huru kiasi cha kutoa nchi yao kwa saini, lakini hawakuwa huru kiasi cha kuizuia isichukuliwe. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara hasira yangu huanza upya.

Sasa turudi Bisil. Waliobaki kusini waliupokea mkataba wa pili wakidhani hauwahusu, lakini uliwagusa. Laikipia na Naivasha hazikuwa nchi ya Wapurko peke yao katika akili ya mfugaji. Zilikuwa kimbilio. Nchi ya Matapato ni kavu. Mvua zake mbili hukosa mara kwa mara, na kati ya vilima vya Maparasha na tambarare zinazokwenda hadi Ol Doinyo Orok majani huisha upesi. Zamani mtu wa huku akibanwa na kiangazi alikuwa na jamaa wa mbali wa kumwendea, penye mito isiyokauka. Baada ya 1913 jamaa hao walikuwa Narok, na ile mito ilikuwa ya walowezi. Upande wa kusini, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha chora mpaka wao tangu 1886, ukipita katikati ya koo. Kwa hesabu ya Hughes, Wamaasai walipoteza angalau nusu ya ardhi waliyokuwa wakiitumia, na nusu iliyokwenda ndiyo iliyokuwa na maji.

Uhuru haukurudisha kitu. Mwaka 1962 wajumbe wa Wamaasai waliufikisha mkataba wa 1904 kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, wakadai kwamba kama Mwingereza anaondoka basi arudishe alichokodishiwa. Hawakusikilizwa. Serikali mpya ilileta Sheria ya Wawakilishi wa Vikundi vya Ardhi mwaka 1968, na Kajiado ikagawanywa kuwa ranchi za vikundi. Tangu miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa tena kwa mtu mmoja mmoja, kisha vipande hivyo vikauzwa. Kitengela ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote. Pale ambapo Kaputiei walilisha pamoja na nyumbu na pundamilia, sasa kuna vyumba vya kupangisha, viwanda na maduka ya vifaa vya ujenzi, na seng'enge inateremka mwaka baada ya mwaka kuelekea Isinya, Kajiado na Bisil.

Ndiyo maana ukame wa 2009 na ule wa 2022 uliwakuta wafugaji wa Kajiado hawana pa kukimbilia. Walipeleka ng'ombe Tanzania, walipeleka Nairobi kwenye majani ya kando ya barabara na viwanja vya watu, na sokoni Bisil ng'ombe aliyekonda aliuzwa kwa bei ya mbuzi. Wakazi wa mji walilalamika kwamba mifugo inazuia magari. Laiti wangejua kwamba njia ya nusu maili iliahidiwa kwa maandishi mwaka 1904, na kwamba watoto wa walioahidiwa bado wanatafuta pa kupitisha ng'ombe.

Mwezi Agosti 2004, miaka mia moja ilipotimia, Wamaasai waliandamana Nairobi na kwingineko wakiwa na madai yao mkononi. Polisi waliwatawanya, na Laikipia, walikoingiza mifugo kwenye ranchi, kulikuwa na risasi na kifo. Serikali ilisema haiutambui mkataba wa kikoloni, ingawa hati za kikoloni zilizotolewa kwa walowezi juu ya ardhi ile ile zilikuwa zikitambuliwa. Miaka minane baadaye ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaipa kazi ya kupokea madai ya dhuluma za kale za ardhi, kwa sharti kwamba yawasilishwe ndani ya miaka mitano. Dirisha hilo lilifungwa Septemba 2021, na Laikipia bado iko mikononi mwa wengine.